Simba Si Lazima

Mwaka juzi mjukuu wangu alibaki nyumbani wenzake walipokwenda mbugani kutazama wanyama. Mchango wa safari ulitushinda. Jioni akaniuliza, "Babu, kwani hapa kwetu hakuna cha kutazama?" Swali hilo liliniuma kuliko ule mchango. Ni sisi wakubwa tuliomfundisha mtoto kwamba kutembea ni kwenda mbali, na kwamba kitu kisichopigwa picha na mgeni si kitu.

Fikra hiyo naipinga. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ndugu msomaji, tuanzie hapa Korogwe. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapa mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Mwaka huohuo wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya katani kutoka Florida. Iliyopona ikapandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutoka katika miche hiyo michache katani ilienea mpaka mashamba ya Korogwe, na maisha ya mkoa mzima yakageuka. Pale Hale, mwaka 1964 ulianza kazi mtambo wa umeme uliojengwa chini ya ardhi. Ni watoto wangapi wa Korogwe wanaoyajua haya?

Lakini kinachonigusa zaidi ni kigari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitandika reli nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni ili kupeleka mizigo ya jeshi lao. Vigari vilisukumwa na watu. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Handeni. Vita hivyo vimeandikwa katika vitabu vya majenerali, lakini mabega yaliyosukuma vigari hayana hata ubao wa kuyakumbuka njiani nilikopita.

Waingereza haohao, kwao, hawadharau vidogo. Mji wa Keswick una makumbusho ya penseli, na familia hulipa kiingilio kwenda kutazama penseli ya rangi yenye urefu wa karibu mita 8! Kule Wales, reli ndogo ya Talyllyn, iliyojengwa kubeba mawe ya kuezekea nyumba, ilipokaribia kufa, raia walijitolea kuiokoa, na mwaka 1951 wakaanza kuiendesha wenyewe. Hawakungoja waziri aje kukata utepe.

Najua nitaambiwa kwamba hayo ni mambo ya watu walioshiba. Nasema hapana. Aliyeshiba ana nauli ya kwenda Serengeti. Asiye nayo ndiye anayehitaji mahali pa kumpeleka mwanawe asubuhi na kurudi naye jioni, kwa nauli ya basi na chupa ya soda. Nitaambiwa pia kwamba vitu hivi havileti dola. Je, kila kinachomfaa mtoto lazima kilete dola?

Sidai jumba la vioo. Nataka banda moja la mabati Mombo na jingine Handeni, kigari kimoja cha shamba la katani, kipande cha reli, ubao ulioandikwa Kiswahili safi, na mzee wa kusimulia. Tena upesi, maana mizani ya chuma chakavu haingoji, na wazee nao hawangoji.

Nilimpeleka mjukuu wangu Mombo kwa basi. Hapakuwa na cha kumwonyesha ila njia ielekeayo Handeni, basi nikamsimulia tukiwa tumesimama juani. Akafikiri kidogo, akauliza, "Babu, hao waliosukuma walilipwa?"

Sikuwa na jibu. Lakini tangu siku ile hajaniuliza tena kama kwetu hakuna cha kutazama.