Tusiulize Tu Anakula Nini, Tuulize Anakula Saa Ngapi

Mama yangu mdogo ni mhudumu katika nyumba ya wazee hapa Uingereza. Anaingia kazini saa 2 usiku na kutoka saa 2 asubuhi, mara nne kwa wiki. Mwaka jana alipimwa, akaambiwa sukari yake imepanda na amekaribia kupata kisukari. Alirudi na kipeperushi chenye picha ya sahani: punguza wali, punguza chapati, ongeza mboga. Nasi nyumbani tukageuka madaktari. Kila akishika kijiko, mtu anamkumbusha. Lakini hakuna aliyemuuliza, si kule kliniki wala nyumbani, chakula hicho anakila saa ngapi.

Mimi naona swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Wanaklabu wenzangu mnakumbuka tulivyohangaika na saa za Kiswahili mwaka wa kwanza. Saa zetu zinahesabiwa tangu jua linapochomoza. Niliona ni usumbufu mtupu, mpaka niliposoma kwamba mwili nao huweka saa yake kwa mwanga. Ndani ya ubongo kuna kundi dogo la seli, kama 20,000 hivi, linalopokea habari za mwanga kutoka machoni na kuuambia mwili kama ni mchana au usiku. Ini, misuli na kongosho pia vina saa zao. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha, kwa kutumia inzi wa matunda, jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli.

Hii inahusianaje na sukari? Insulini ni homoni ya kongosho inayosaidia sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika seli. Seli zikiacha kuiitikia vizuri, huo ndio usugu wa insulini: kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, na likishindwa, kisukari aina ya 2 kinaingia. Uwezo wa mwili kushughulikia sukari ni mkubwa asubuhi kuliko usiku. Sahani ile ile ya wali hupandisha sukari zaidi ikiliwa usiku. Tena usiku mwili hutoa melatonini, homoni ya giza, ambayo huweza kupunguza utoaji wa insulini. Kwa hiyo mama mdogo anapofungua chakula chake saa 8 usiku, yeye yuko kazini lakini kongosho lake liko usingizini.

Mwaka 2009 Frank Scheer na wenzake kule Boston waliwaweka watu 10 katika ratiba ya siku zenye saa 28. Kulala na kula kulipogeuka kinyume na saa ya mwili, sukari ilipanda ingawa insulini nayo iliongezeka. Watatu kati ya wanane waliopimwa walifikia kiwango cha mtu anayekaribia kisukari, na hizo zilikuwa siku chache tu.

Mjomba wangu husema, "Mwili huzoea." Kwa wengi hauzoei. Mama mdogo anarudi nyumbani jua limeshatoka, na siku za mapumziko anaishi mchana kama sisi. Saa yake haipati nafasi ya kugeuka.

Simwambii aache kazi. Kodi ya nyumba haijui saa ya mwili. Lakini mwaka 2021 jaribio la watu 19 walioigiza kazi ya usiku lilionyesha kwamba waliokula usiku walipandisha sukari, na waliokula mchana tu hawakupandisha. Ni watu wachache, na maabara si nyumba ya wazee. Hata hivyo inatosha kubadilisha maswali yetu. Kliniki ziulize kuhusu zamu kabla ya kutoa kipeperushi. Waajiri wasibadilishe zamu ovyo ovyo. Nasi tuache kumlaumu mtu kwa wali peke yake.

Kwetu tulikuwa tunapika saa 3 usiku, yeye keshaondoka. Sasa tunakula pamoja saa 11 jioni, naye anabeba kitu chepesi tu. Anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari kwanza kabla ya kubadilisha saa za kula.

Najua wengi wetu tuna wazazi wanaokesha katika hospitali, maghala na teksi ili sisi tusome. Leo ukipiga simu nyumbani, usiulize tu "Umekula nini?" Uliza na saa. Ila hakikisheni kwanza kama mnazungumza saa ya Kiswahili au ya Kiingereza.