Ualimu wa Kiingereza Ng'ambo: Uliza Viza Kabla ya Mshahara



Waandikaji ni mbalimbali, lakini swali ni lile lile. Kijana amemaliza chuo cha ualimu, ajira ya serikali haijatoka, naye ameona tangazo katika simu yake: walimu wa Kiingereza watakiwa huko Asia, nyumba bure, tikiti ya ndege bure, mshahara mnono. Wazazi nao wauliza kama yafaa kuuza kipande cha shamba ili wakala apate ada yake. Juma hili nawajibu wote kwa pamoja, maana jibu lenyewe ni refu, na shamba likisha kuuzwa halirudi.

Kwanza tuseme lililo kweli. Kazi hiyo ipo, wala si hadithi. Serikali ya Japani ilianza mwaka 1987 mpango uitwao JET, ikaita vijana 848 kutoka nchi 4 waje kusaidia kufundisha lugha mashuleni, na tangu hapo wamekwisha kwenda maelfu kwa maelfu. Kijana huwekwa darasani kando ya mwalimu wa Kijapani. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, wala hauzidi miaka 5. Korea Kusini nako ziko shule za binafsi ziitwazo hagwon, ambazo watoto huzihudhuria wakisha kutoka shule yao ya kawaida. Mjini Seoul sheria yazitaka zifunge saa 4 za usiku, na bila ya sheria hiyo nadhani nyingine zingekesha. Huko Kiingereza ni jambo zito hata kila Novemba, siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, ndege huzuiwa kuruka na kutua kwa zaidi ya nusu saa, ili watahiniwa wasikie vema sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Fikirini, ndugu zangu: anga la nchi nzima lanyamaza kwa ajili ya lugha ya watu wengine! Basi penye hamu kama hiyo hapakosi fedha.

Lakini tutazame ni nani anayeitwa. Viza ya mwalimu wa Kiingereza katika Korea Kusini yaitwa E-2, na kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7 tu, ndizo Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mwombaji lazima awe na shahada ya chuo kikuu, ya somo lolote. Soma tena hapo: ya somo lolote. Aliyesomea ufugaji wa nyuki, akiwa na pasi ya kusafiria ya Kanada, aweza kuipata. Aliyesomea ualimu wa Kiingereza na kufundisha vidato miaka 10, akiwa na pasi ya Tanzania au ya Kenya, mlango huo haumfungukii. Uchina nayo imeshika njia kama hiyo, yaani yataka mwalimu wa Kiingereza awe raia wa nchi ambayo Kiingereza huhesabiwa kuwa lugha ya kuzaliwa.

Kwa hiyo kinachonunuliwa pale, kwa sehemu kubwa, si Kiingereza, ni pasi. Nami niliyefundishwa chuoni kutengeneza azimio la kazi na andalio la somo, na kurudishiwa andalio hilo mara mbili kwa kosa la dakika tano, naona jambo hili si la haki hata kidogo. Lakini sheria za watu hazibadiliki kwa sababu mimi karani wa parokia nimechukizwa, na ni afadhali kijana alijue akiwa bado nyumbani kwao.

Hata mwenye pasi inayotakiwa asidhani kwamba amefika peponi. Viza ya E-2 imefungwa kwa mwajiri aliyeiomba. Mkikosana, huwezi kuvuka barabara ukaajiriwa na jirani yake. Yahitajika ruhusa, na mara nyingi barua ya kukuachilia kutoka kwa yule yule mliyekosana. Nyumba unayolala ameipanga yeye. Halafu kiko kiinua mgongo: aliyetimiza mwaka mzima kazini, sheria ya huko yamtaka mwajiri amlipe kiasi cha mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Ndiyo maana moja la malalamiko ya siku nyingi ya walimu wa hagwon ni la wale walioachishwa kazi mwezi wa 10 au wa 11. Mwalimu wa hesabu ataona mara moja kwa nini miezi hiyo na si mingine.

Na yaliyotokea Japani mwaka 2007 yafaa yasomwe na kila anayevutwa na maneno haya ya "nyumba". Kampuni ya Nova ilikuwa kubwa kuliko zote katika biashara ya shule za mazungumzo ya Kiingereza nchini humo. Mwezi wa Oktoba ikaanguka. Walimu wa kigeni wapatao 4,000 wakabaki bila kazi, wengi wao wakidai mishahara ambayo hawakuwa wamelipwa. Kampuni ilikuwa ikikata kodi ya nyumba katika mishahara hiyo, na baadhi yao wakagundua kwamba kodi haikumfikia mwenye nyumba, wakaambiwa wahame. Wako waliofundisha kwa malipo ya chakula. Tena hao walikuwa Wamarekani, Waingereza, Waaustralia na wenzao, watu ambao wengi wao wana ndugu wa kuwatumia nauli. Je, wewe ambaye nauli ya kwenda tu imekwisha kula shamba?

Pengine utasema, basi nitafundisha kwa mtandao nikiwa nyumbani, sitahitaji viza ya mtu. Ni wazo zuri, nami silipingi. Lakini kumbuka yaliyowapata waliokuwa wakiwafundisha watoto wa Kichina kwa kompyuta kutoka Marekani, Afrika Kusini na kwingineko. Julai 2021 serikali ya Uchina ilipiga marufuku kufanya biashara ya faida katika tuisheni ya masomo ya shule, na ikakataza walimu wa kigeni walio nje ya nchi kuwafundisha watoto wake kwa njia hiyo. Katika muda wa miezi michache kazi ikawatoka. Hawakuwa wamekosea lolote. Waliamka tu wakakuta neno limekwisha pitishwa Beijing.

Sasa nije kwa Thailand, maana ndiko mawakala wanakowaelekeza vijana wetu zaidi. Huko mlango haukufungwa kama ule wa Korea. Wafilipino wengi wanafundisha Kiingereza huko, na Waafrika wako pia, miongoni mwao Wakenya na Waganda. Sheria yataka viza ya kazi, kibali cha kazi, na leseni ya ualimu au ruhusa ya muda kutoka kwa Baraza la Walimu. Shahada yatakiwa, kwa hiyo mwenye stashahada asijidanganye. Na asiyehesabiwa mzaliwa wa Kiingereza huombwa cheti cha mtihani wa lugha, kama vile TOEIC au IELTS. Mwenye hayo yote aweza kufanya kazi ya heshima. Lakini ajue kwamba mara nyingi atalipwa pungufu kuliko Mzungu wa darasa la jirani, hata kama huyo Mzungu hakuwahi kushika chaki kabla ya kupanda ndege.

Hatari iko kwa wakala asemaye: "Nenda kwanza kwa viza ya utalii, kibali utapata huko huko." Huyo anakutuma ukavunje sheria ya wenyeji, tena kwa gharama yako. Afanyaye kazi kwa viza ya utalii hana pa kushtaki. Asipolipwa mshahara hunyamaza, kwa kuwa akienda polisi wa kwanza kukamatwa ni yeye. Mwajiri alijua hivyo tangu siku ya kwanza, na pengine ndiyo sababu alimtaka mtu wa namna hiyo.

Wala Bangkok si mwisho wa safari kwa kila anayeshuka pale. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitoa onyo juu ya watu waliodanganywa kwa kazi nzuri za Thailand, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika majumba ya utapeli, wakilazimishwa kuwaibia watu fedha kwa kompyuta. Februari 2025 kundi la watu 260 lilivushwa kurudi Thailand kutoka majumba hayo. Zaidi ya nusu walikuwa Waethiopia, na ndani ya kundi hilo walikuwamo Wakenya, Waganda, Warundi na Watanzania. Matangazo yanayowavuta watu kama hao huwa ni ya kazi za ofisini na za kuhudumia wateja, yakimtaka mtu ajuaye Kiingereza na kompyuta. Wazazi, tangazo la namna hiyo ni pacha wa lile la ualimu, nanyi hamna budi kuyatazama yote mawili kwa jicho moja.

Udanganyifu huu haukuanza jana. James Joyce, yule mwandishi mashuhuri wa Ireland, alitoka Dublin mwezi wa Oktoba 1904 pamoja na mchumba wake, akiwa na umri wa miaka 22, kwa sababu wakala amemhakikishia nafasi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya Berlitz mjini Zürich. Kufika Zürich, nafasi hakuna. Akaelekezwa Trieste, nako hakuna. Mwishowe akaipata Pola, pwani ya bahari ya Adriatiki. Kazi hiyo ikamlisha miaka mingi, pamoja na madeni yake. Basi ikiwa mtu mwenye kalamu kama ile alipelekwa huku na huku, kijana wetu asione haya kuuliza maswali.

Aulize nini? Mshahara uwe wa mwisho. Kwanza jina la viza, na ni nani atakayeiomba, na kama itagongwa katika pasi kabla ya kuondoka au baada. Ikiwa ni "baada", yafaa mazungumzo yaishie hapo. Kisha aombe mkataba wenye jina la shule na mji wake, autafute mwenyewe mji huo katika ramani na shule hiyo katika mtandao, aandike kwa mwalimu anayefundisha pale sasa. Atazame saa za kufundisha na saa za kukaa shuleni, maana si kitu kimoja, na nani alipaye nauli ya kurudi iwapo shule itafungwa. Wakala wa hapa nchini hana budi kuwa na leseni. Ofisi ya kazi itakuambia kama anayo. Wala picha za rafiki aliyetangulia, amesimama mbele ya maghorofa na miwani ya jua, zisihesabiwe kuwa jibu. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio, nao walikuwa mabaharia.

Kuhusu vyeti: cheti cha CELTA cha Cambridge kina mafunzo ya saa kama 120, na ndani yake mwanafunzi hufundisha watu halisi kwa saa 6 huku akitazamwa. Vyeti vingine vya mtandaoni huuzwa kwa saa hizo hizo 120 bila kumwona mwanafunzi hata mmoja. Sisi tuliopita mazoezi ya kufundisha, mkaguzi akiwa ameketi nyuma ya darasa, tunajua tofauti. Hata hivyo hakuna cheti kati ya hivyo kinachobadili pasi ya mtu. Na wale wanaokuja ofisini kutaka barua ya mwenendo mwema, naiandika kwa moyo mweupe. Ila balozi za ng'ambo hutaka cheti cha polisi chenye alama za vidole, si muhuri wa parokia.

Mama mmoja ameuliza kama sisi hatuna lugha ya kufundisha kwa wengine. Tunayo. Kwa miaka mingi mpango wa Fulbright wa Marekani umewachukua vijana wa Tanzania na Kenya wenye shahada kwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo, kisha hurudi. Hapo sisi ndio wazaliwa wa lugha, na pasi yetu ndiyo itakiwayo. Lakini mwanafunzi wa Kimarekani atamwuliza mwalimu kwa nini twasema "kiti kikubwa" na hatusemi "kiboko kikubwa", na asiyejifunza ngeli atajibu tu kwamba ndivyo tusemavyo. Kwa hiyo anayetaka njia hiyo asikitupe kitabu chake cha sarufi. Habari za mpango huo zaulizwa katika ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam au Nairobi, wala hazihitaji wakala.