Gari Lenye Stakabadhi

Mwezi uliopita, katika mesi ya maofisa, ulizuka ubishi usiohusu mishahara wala uhamisho. Kijana mmoja mwenye nyota moja begani alidai ya kuwa mtu mzima anayelipenda gari la miaka hamsini, lenye viti viwili, lisiloweza kubeba hata gunia la mkaa, hana budi kupelekwa kwa daktari. Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini nilikuwa nimetoka likizo siku tatu tu zilizopita, na viganja vyangu vilikuwa bado vinaukumbuka usukani wa gari la namna hiyo hiyo. Nikanyamaza, jambo lisilo la kawaida kwa ofisa wa uhusiano mwema. Yale niliyoyameza pale mezani nayaandika hapa, ndugu zangu askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa naamini yanatuhusu sisi wavaa sare kuliko yanavyowahusu raia.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, jekundu, boneti lake limepakwa rangi nyeusi. Mwenye nalo ni mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari katika polisi, ambaye sasa amestaafu na anakaa nje kidogo ya mji wa Mubende, hapa kwetu Uganda. Kampuni ya Nissan ya Japani ililitoa gari la aina hii mwaka 1969. Kwa wasiolijua, nitasema hivi: pua ndefu, kisogo kifupi, kiwiliwili kimeinama chini kama duma aliyeona swala. Chini ya boneti kuna silinda sita zilizojipanga mstari mmoja kama kikosi kwenye gwaride, ujazo wa lita 2.4, kabureta mbili, nguvu za farasi zipatazo 150. Kwa gari lenye uzito wa tani moja na ushei, hizo si nguvu haba. Huko Marekani liliuzwa kwa dola 3,526, bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa huko aliweza kuifikia kwa kujinyima, katika zama ambazo gari la spoti la Ulaya lilikuwa ni la tajiri au la mtoto wa tajiri. Mwaka 2020 moja lililoundwa mwaka 1971 liliuzwa mnadani huko huko Marekani kwa dola 310,000. Hayo ni mambo ya wenye fedha, wala sina haja ya kuyatetea.

Ile rangi nyeusi ya boneti ina historia yake. Vijana wengi wa leo wanadhani mashindano ya Safari ni ya Kenya peke yake. Yalipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yakawa ndiyo sikukuu ya pili ya Pasaka kwa watoto wa kando ya barabara. Mzee huyu alikuwa mmoja wao. Ananisimulia jinsi baba yake alivyowaamsha usiku wa manane, wakakaa juu ya ukingo wa barabara wamejifunika blanketi moja, wakizitazama taa zikitokea mbali kama nyota zilizopotea njia, kisha ngurumo, kisha vumbi, kisha kimya. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 wakashinda tena, mara hii kwa 240Z, jekundu lenye boneti jeusi. Gari lile Nissan wamelihifadhi Japani mpaka hivi leo. Mzee aliiona picha yake gazetini akiwa bado mwanafunzi, na tangu siku ile, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amekwisha kuoa kabla ya kuoa.

Sasa nieleze jinsi linavyoendeshwa, maana hapo ndipo ilipo siri.

Tuliondoka alfajiri kuelekea Kyenjojo. Injini haikuwaka kwa kubonyeza kitufe. Ilibidi choki ivutwe, mafuta yakanyagwe kidogo, si sana, na ufunguo ugeuzwe huku sikio likiwa macho. Ikakohoa mara mbili, ikasita, ikashika. Halafu ile sauti ya silinda sita ikatulia taratibu kama kwaya iliyopata ufunguo wa wimbo. Harufu ya petroli ikaingia ndani. Mzee akanikabidhi usukani mwembamba wa mduara mkubwa, akakaa kushoto mikono mapajani.

Katika kilomita tano za kwanza niliona aibu. Nimeendesha malori ya jeshi, nimeendesha gari la kamanda, lakini hili lilinikataa. Hakuna mtambo wa kuupunguzia usukani uzito, wala kompyuta ya kukusahihishia breki ulizozikanyaga kwa pupa. Nikiingiza gia kwa haraka, giaboksi linalalamika. Mzee akasema polepole, “Afande, usipigane nalo. Lisikilize.” Nikaacha kulilazimisha. Nikaanza kuisubiri injini ishuke mwendo mpaka mahali pake ndipo nibadili gia, na ghafula mkono, mguu na sikio vikawa kitu kimoja. Changarawe ndogo chini ya tairi la mbele niliijua kwa vidole. Kona ilipokuja niliihisi kiunoni kabla ya kuiona vizuri. Hatukuzidi kilomita 80 kwa saa, na ndugu zangu wa usalama barabarani waniamini. Lakini katika kilomita 80 hizo nilikuwa hai kuliko nilivyopata kuwa katika gari jipya kwa mwendo ambao sitautaja hapa. Tulipofika kwenye mashamba ya chai, jua limechomoza na umande unang’aa, niligundua ya kuwa kwa muda wa saa nzima sikuwaza jambo lingine lolote. Si simu, si deni, si taarifa niliyopaswa kuiandika.

Gari la kisasa ni jema, nami sina ugomvi nalo. Huokoa maisha, na yeyote aliyepata kuchukua maiti barabarani hawezi kuyatukana mambo ya mifuko ya hewa na breki za kompyuta. Lakini gari la kisasa hukusamehe, na kwa kukusamehe kila mara hukuficha makosa yako. Hili la zamani halifichi kitu. Ukikosea linakuambia papo hapo, na ukipatia pia linakuambia. Askari anaifahamu hali hiyo. Nilipokuwa katika shule ya makadeti, bunduki niliyokabidhiwa haikuwa mali yangu, lakini namba yake naikumbuka hata leo, na nilijua kufuli lake lilikuwa zito upande gani. Mapenzi ya kitu cha chuma, kwa mtu wa kazi yetu, si upuuzi. Huanza kwa kukisafisha.

Hata hivyo, kuna upande mwingine wa habari hii, nao ndio ulionizuia kusema pale mesini.

Mzee alilikuta gari hili mwaka 1988 katika uwanja wa magari mabovu, halina magurudumu, kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Lilipotangazwa mnadani pamoja na vyuma chakavu, yeye akiwa bado kazini, aliomba kwanza kibali cha maandishi kwa mkubwa wake ili aruhusiwe kushiriki kama mtu mwingine yeyote. Akalinunua kwa akiba ya miaka mitatu. Stakabadhi anayo, ameitia ndani ya karatasi ya nailoni, na kila mgeni huonyeshwa hiyo kabla ya kuonyeshwa injini. Siku alipong’oa kiti ili aondoe kutu, alikuta chini yake kijitabu cha matengenezo cha mwenyewe wa kwanza, Mwasia mmoja mfanyabiashara wa Jinja. Mihuri ya gereji imepangwa vizuri, kila baada ya maili elfu tatu. Muhuri wa mwisho ni wa Agosti 1972. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe.

Kwa nini ni nyeupe, kila Mganda anajua. Mwanzoni mwa mwezi ule ule wa Agosti, Idi Amin aliwapa Waasia siku tisini waondoke nchini. Waliacha nyumba, maduka, viwanda, na magari. Mengine yaliachwa njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Entebbe. Nani aliyachukua? Hapa sisi wavaa sare hupenda kutazama pembeni. Mengi yaliishia mikononi mwa watu waliovaa magwanda kama haya yangu, na wananchi, kwa Kiswahili chao cha mtaani, wakawabatiza jina la mafutamingi. Gari hili, kwa jinsi mzee alivyosimuliwa, lilichukuliwa na kapteni mmoja. Halikumaliza mwaka. Giaboksi lilivunjika, akaliacha, akachukua jingine.

Nimelifikiri sana hilo giaboksi. Kapteni yule alikuwa na ufunguo wa gari ambalo nusu ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakiliota, na sidhani kama alipata hata dakika kumi za ile raha niliyoipata mimi njia ya Kyenjojo. Angeipataje? Hakulisikiliza, kwa sababu hakulipia chochote, na asiyelipia chochote hana sababu ya kusikiliza. Hata mkubwa wao alikuwa mpenda magari. Mwaka 1975, wakati wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, Amin alishiriki mbio za magari akiendesha Citroën SM, gari la Kifaransa lenye injini ya Maserati, bibi harusi wake Sarah akiwa kando yake. Lilikuwa gari la ajabu kweli kweli, na pichani anaonekana amefurahi. Raia waliokuwa wakinyang’anywa magari yao wakati huo hawakuwamo katika picha.

Katika mwaka ule ule wa 1972 aliondoka pia kijana mmoja mzaliwa wa Uganda, wa familia ya wenye mashamba, jina lake Shekhar Mehta. Akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, ya mwaka 1973, yeye na Lofty Drews walishinda Safari kwa Datsun 240Z, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Akashinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano, na hakuna mwingine aliyefikia hesabu hiyo mpaka alipofariki mwaka 2006. Ushindi huo wote umeandikwa kwa jina la Kenya. Nasema haya kama Mganda na kama mwanajeshi, na hayanipendezi kuyasema.

Ni kazi yangu kuwaambia wananchi ya kuwa jeshi la leo si lile la mwaka 1972, na nawaambia hivyo kwa moyo mweupe, maana naamini. Lakini katika mikutano ya hadhara ninayohudhuria, wilaya baada ya wilaya, husimama mama mmoja akauliza kwa nini pikipiki ya mwanawe iliyozuiwa kituoni ilirudi bila betri. Betri si Datsun. Lakini mkono unaoichomoa unaifahamu njia ile ile. Naomba tusijidanganye kwamba tofauti ni kubwa kwa sababu kitu ni kidogo.

Na kwa wale watakaosoma makala haya kisha wakakimbilia chama cha akiba na mikopo kesho asubuhi, nawasihi wangoje. Gari la spoti la zamani si la kununuliwa kwa mkopo wa mshahara, kwani litakula ada za watoto kwanza, na baadaye litasimama uani kwa kukosa kabureta. Mzee wa Mubende alifanya kazi ya kulifufua kwa miaka kumi na moja, mwisho wa mwezi kwa mwisho wa mwezi: leo plagi, kesho gasketi, mwaka mzima ukapita kwa ajili ya kioo cha mbele kilichotafutwa Nairobi na kupatikana Mombasa. Liliwaka mara ya kwanza mwaka 1999. Mkewe, ambaye alikuwa ameliita gari hilo “mke mwenzangu” tangu siku lilipoletwa kwa kuburutwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi kiti cha kushoto.

Nilimwuliza mzee angefanya nini iwapo jamaa wa yule mfanyabiashara wa Jinja angetokea. Sheria ya mwaka 1982 iliwafungulia Waasia njia ya kudai mali zao, na wengi walirudi, lakini nyumba na viwanda ndivyo vilivyozungumzwa, si magari. Mzee hakujibu upesi. Akasema stakabadhi yake ni halali, na hakuna mahakama itakayomnyang’anya. Kisha akasema kwamba angempa ufunguo akalizungushe, na mengine wangezungumza atakaporudi. “Kama atarudi,” nikamtania. Hakucheka.

Tuliporejea tuliliingiza kivulini. Injini iliyozimwa ikawa inalia ti, ti, ti kwa kupoa, na mzee akasimama ameweka kiganja juu ya boneti mpaka sauti ikakoma. Kile kijitabu cha zamani hakiandiki kitu. Kurasa zile ameziacha nyeupe kama alivyozikuta. Ana daftari lake la shule, na humo akaandika tarehe, kilomita tulizokwenda, na jina langu kwenye safu ya dereva. Akanisogezea kalamu nitie sahihi. Nikatia sahihi, nikaongeza namba na cheo, kama mtu anayelirudisha gari la serikali.