Kitako cheusi si ukungu

Hapo kwenye nyanya kuoza kitako, makala yako imetukimbiza duka la pembejeo mapema mno. Lile doa jeusi lililobonyea chini ya tunda, gumu kama ngozi ya kiatu, halisikii dawa ya ukungu. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni. Yanayokosekana ni maji ya kuifikisha. Sisi wa mjini tunamwagilia mgao ukiruhusu: leo ndoo tatu, halafu kimya mpaka Alhamisi. Afadhali kidogo kidogo bila kuruka, tena shinani, maana majani yakilala na maji ndipo bakajani inapoingia. Tandaza nyasi kavu, unene wa vidole vinne hivi, unyevu usipotee. Na anayemwaga urea kila wiki aache, atavuna majani matupu (na kitako kitazidi kuoza).

Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ni habari nyingine. Ukiona jani lina mabaka meupe yanayopitisha mwanga, liangalie vizuri, utamkuta kiwavi ndani. Lichume ulichome siku hiyo hiyo, usilitupe kwenye mboji.