Sitara Si Kuficha Moyo Mgonjwa

Dada zangu, na hasa nyinyi maharusi mnaohesabu wiki. Leo sikuja na mishono wala rangi za msimu. Nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni juu ya neno tunalolipenda mno: sitara.

Binti ana tatizo la moyo tangu mdogo, posa inakuja, watu wa nyumbani wananyamaza: sitara. Mume anatoka kliniki na vidonge vya presha, anavificha nyuma ya kabati mkewe asivione: sitara. Mke anavimba miguu, usiku analala amekaa kwa sababu akilala chali pumzi haitoshi, mawifi wasijue: sitara. Neno zuri la dini tumeligeuza blanketi, tunamfunika nalo mgonjwa mpaka anakosa hewa.

Mimi ni fundi cherehani na nauza nguo za harusi hapa Kintinku, wilaya ya Manyoni, kwenye reli ya kati. Vitambaa vingi navifuata huko kwenu Darajani, ndiyo maana baadhi yenu mnanijua. Kazi ya fundi inampa kuona mwili wa bibi harusi kabla ya mumewe kuuona. Mwaka jana nililetewa binti kupimwa gauni la nikahi. Alipoinua mikono nikaona kovu refu limeshuka katikati ya kifua. Mama yake akaniwahi: alibadilishwa valvu ya moyo, shona shingo ifunge mpaka juu. Sawa, kovu ni lake, na kulifunika mbele ya wageni ni haki yake. Nikauliza tu, bwana harusi anajua? Mama akanijibu, "Atajua akishamzoea."

Atajua akishamzoea! Hebu tuone anachotakiwa kukijua.

Wengi wa mabinti hawa moyo wao haukuharibiwa na laana wala jicho la mtu. Mara nyingi ni maradhi ya koo ya utotoni, yale mafindofindo yanayoletwa na bakteria, hayakutibiwa vizuri, ikafuata homa ya baridi yabisi ikala valvu za moyo. Wengine huambiwa wachome sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Aliyewekewa valvu ya chuma anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, maisha yake yote, na anapimwa damu mara kwa mara kuona dawa haijazidi wala kupungua. Ikipungua, damu inaweza kuganda kwenye valvu. Ikizidi, jeraha dogo linatoka damu isiyokatika. Mlenda, mchicha na kisamvu, mboga tunazokula hapa kila siku, vinaipunguza nguvu dawa hiyo. Haimaanishi aache mboga, anatakiwa ale kwa kiasi kisichopandashuka. Sasa mwali kahamia kwa mama mkwe asiyejua lolote, leo mboga rundo, kesho hakuna, keshokutwa anapelekwa hijama kwa nia njema kabisa. Hijama ni sunna, siipingi. Lakini kumchanja mtu ambaye damu yake imefanywa nyepesi na dawa, bila daktari wake kujua, ni kucheza na roho.

Na mimba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na kuikatisha ghafla kunamhatarisha mama. Kwa hiyo mimba ya binti huyu inapangwa na daktari kabla haijaingia, si baada ya kuona siku zimepita. Nani atapanga naye, kama mume anadhani vile ni vidonge vya kuongeza damu? Miezi mitatu baada ya harusi watu wanaanza kumtazama tumbo. Anayebeba siri anabeba na hofu, na anambebea mtu anayelala naye kitanda kimoja.

Najua mnachoogopa, wala si upuuzi. Wapo wanaume wanaokimbia wakisikia neno moyo. Wapo mama wakwe wanaosema hatuozi mgonjwa. Posa ikivunjika mtaa mzima unauliza kulikoni. Lakini anayekimbia baada ya kuambiwa ukweli angekimbia pia baada ya kuugundua, na siku hiyo binti yako angekuwa na ujauzito na amelazwa. Mahari inarudishwa. Miezi aliyokaa akimeza dawa chooni kwa kujificha hairudishwi.

Na msiniletee dini kutetea hili. Mtume (S.A.W) alitia mkono ndani ya fungu la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kutoyaweka yaliyolowa juu watu wayaone. Hiyo ni nafaka tu! Fatima bint Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm akaenda kutaka ushauri, Mtume hakumwambia sitiri ndugu zako. Alimweleza wazi kwamba mmoja hana mali na mwingine ni mtu wa fimbo, akamwelekeza kwa Usama. Kwenye ndoa, kumwambia mtu jambo linalomhusu si kusengenya. Sitara ni kutolipeleka sokoni. Anayekuoa si soko.

Sasa wanaume, maana mabinti nimewasema vya kutosha. Taifa zima lilisikia habari za mfumo wa umeme wa moyo tarehe 17 Machi 2021, Mama Samia alipotangaza kifo cha Rais Magufuli na kutuambia maradhi hayo alikuwa nayo zaidi ya miaka kumi. Mambo ya ikulu yana taratibu zake, siyaingilii. Ila nyumba ya vyumba viwili na ukumbi si ikulu. Mwanamume anapewa dawa za presha, baadhi ya dawa hizo zinaweza kumpunguzia nguvu kitandani, na presha yenyewe hufanya hivyo hivyo. Anaona haya kurudi kwa daktari aseme. Anaacha vidonge kimya kimya. Mke naye anajua mambo yamebadilika, anahitimisha kuna mwanamke wa nje. Ananunua udi, anajisinga, analia, anakwenda kwa somo wake, somo anamfundisha mitindo! Wakati dawa ingeweza kubadilishwa kwa mazungumzo ya dakika kumi kliniki.

Kibaya zaidi, wengine huenda dukani kununua dawa za nguvu za kiume. Mgonjwa anayetumia dawa za nitreti za maumivu ya kifua akichanganya na hizo, presha inaweza kuporomoka akafa. Mke angekuwa anajua mumewe anameza nini, angemzuia mlangoni.

Hata wale waliopona mshtuko wa moyo wanakaa mbali na wake zao miezi kwa kuogopa, hakuna anayeuliza. Madaktari wana kipimo chepesi: anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kuuma wala kuishiwa pumzi, kwa kawaida anaweza kurudi kwa mkewe. Hapa kwetu ghorofa ni za kutafuta, lakini kupanda mlima kwa mwendo wa haraka utakuonyesha, baada ya daktari kukuruhusu.

Qurani, katika Suratul Baqara aya ya 187, imewaita mume na mke vazi la mwenzake. Mimi nashona, najua vazi ni kitu gani. Linagusa ngozi. Linajua kovu liko wapi.

Kwa hiyo masomo na makungwi, jioni moja katika zile mnazomfunda mwali ipeni afya. Na wewe mchumba, ukiambiwa mwenzako ana moyo, usijibu siku hiyo. Mwombe mwende kliniki pamoja, kila mmoja na mzazi wake kwa kuwa bado hamjaoana. Sisi wa huku tunakwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, mnaovuka maji mnajua Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kaeni kwenye benchi, ingieni ndani wote, muulize daktari: dawa hizi ni za muda gani? Tunaweza kupata mtoto, na tuanze lini kujiandaa? Ramadhani afunge au asifunge? Tendo la ndoa lina hatari? Usiku akizidiwa, nifanye nini kwanza, na niite nani?