Udaktari Usio wa Dawa



Wazazi na vijana hutuuliza jinsi ya kupata msaada wa kusomea shahada ya udaktari. Udaktari tunaoukusudia mwezi huu si ule wa dawa na sindano. Ni shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu katika elimu za lugha, fasihi, historia, dini na sanaa. Mwenye kuitaka, ikiwa ni huko Uingereza, hukaa miaka mitatu hata minne akitafiti jambo moja, kisha akaliandikia kitabu cha maneno 80,000 hata 100,000. Mzazi mwenye hesabu zake huuliza: mwanangu akikaa miaka minne juu ya mashairi ya kale, nani atamlisha? Swali hilo ni la haki, nasi twaanza nalo.

Yafaa ifahamike kuwa kukubaliwa kusoma ni jambo moja, na kulipiwa ni jambo jingine. Barua ya chuo kikuu isemayo "umekubaliwa" haina senti ndani yake. Wako vijana waliofanyiwa karamu kwa barua kama hiyo, na miezi mitatu baadaye familia ikawa yauza shamba. Fedha za serikali ya Uingereza kwa elimu hizi hutoka katika baraza liitwalo AHRC, lililopata daraja ya baraza la utafiti mwaka 2005. Baraza hilo halimpi mwanafunzi mkononi, bali hupitisha fedha kwa vyuo vikuu, navyo ndivyo vichaguavyo. Tangu mwaka wa masomo wa 2021/22 mgeni naye aliruhusiwa kuzishindania kwa ukamilifu, ila wageni wasizidi 30 katika kila 100. Aliyefaulu hulipiwa karo na kupewa posho. Kiwango cha chini cha posho hiyo kwa mwaka 2025/26 kiliwekwa kuwa pauni 20,780. Kadhalika uko mpango wa Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa Oxford mwaka 1959, ambao humtaka mwombaji aeleze nchi yake itafaidi nini. Ujerumani ina DAAD, iliyoasisiwa mwaka 1925. Ndugu zetu wakaao Uingereza huelekezwa pia kwenye mkopo wa serikali wa masomo ya udaktari, ulioanza mwaka 2018. Mkopo huo una riba. Basi nyumba ijiepushayo na riba na iyaulize hayo kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

Lakini fedha si mlango wa kwanza. Mlango wa kwanza ni karatasi chache ziitwazo andiko la utafiti, na hapo ndipo vijana wetu waangukapo.

Kijana huandika: "Nataka kusoma historia ya Uislamu katika Pwani ya Afrika Mashariki." Maneno hayo ni mazuri, walakini si swali. Ni bahari, na mwenye kuyasoma hajui mwombaji atavua wapi. Afadhali kijana aulize hivi: maelezo waliyoyaandika walimu pembezoni mwa vitabu vyao vya darasa yatufunulia nini juu ya jinsi walivyosomesha, na vitabu hivyo viko katika nyumba zipi na maktaba zipi? Hapo msomaji huona kazi yenye mwanzo na mwisho. Wenye kuchagua hutazama mambo yale yale kila mwaka: swali ni lipi, nani wameliandika kabla yako na wamebakisha nini, ushahidi uko wapi, nawe waweza kuufikia, kwa nini ni chuo hiki na mwalimu huyu, na je, kazi yaweza kumalizika kwa muda uliotolewa.

La kutuhuzunisha ni kuwa wengi wa vijana wetu huficha mtaji wao. Kijana amekaa chuo cha Qur'ani tangu utoto, asoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama asomavyo gazeti, na babu yake ana kasha la barua, hati za wakfu na tenzi. Akiketi kujaza fomu hutaja shule ya serikali, cheti cha kompyuta na uanachama wa timu ya mpira. Chuo hakitaji, kwa kuwa hakikumpa cheti. Loo! Mgeni aliyezaliwa mbali hutumia miaka akijifunza kusoma herufi hizo, naye huliandika jambo hilo katika mstari wa kwanza.

Tuchukue mfano. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, yaliokolewa na juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyemsaidia William Taylor, mmisionari wa Kiingereza, kuyakusanya. Karatasi za Taylor ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz, mwana wa Mombasa aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa kitabu kizima juu ya Muyaka na zama zake. Aliyatazama mashairi yale kwa jicho la mtu aliyekulia katika lugha yenyewe, na jicho hilo halinunuliwi London. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vile vile mna hazina kubwa ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu, ambayo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Wala tusidhani kuwa kazi imekwisha. Yaliyomo makashani mwa watu hayana orodha.

Haya yawahusu mabinti sawasawa na wavulana. Pengine mabinti zaidi, maana tenzi nyingi zimehifadhiwa vifuani mwa bibi zetu, na mjukuu wa kike huingia mahali ambapo mtafiti mwanamume hubisha hodi tu.

Juu ya wakati, twasema kwa mkazo. Masomo ya Uingereza huanza Septemba au Oktoba, na aghalabu milango ya ufadhili hufungwa kati ya Desemba na Januari iliyotangulia. Basi mwenye kutaka kuanza Oktoba na awe na swali lake mwaka mzima kabla. Mwalimu atakayemsimamia aandikiwe mapema, barua fupi yenye ukurasa mmoja wa andiko, baada ya kusoma walau kitabu chake kimoja. Kuwapelekea walimu hamsini barua ile ile ni kujifungia mlango. Wale watakaomshuhudia mwombaji wapewe majuma kadhaa, pamoja na nakala ya andiko, ili waandike juu ya kazi na si juu ya adabu zake peke yake.

Ziko gharama ambazo ufadhili haukosi kuzisahau. Ada ya afya anayolipa mwanafunzi mgeni aingiapo Uingereza ilipandishwa Februari 2024 ikawa pauni 776 kwa mwaka, nayo hulipwa yote kwa mara moja pamoja na maombi ya viza. Kwa miaka minne yapita pauni 3,000. Aulize mapema kama mfadhili ataibeba. Na yeyote asemaye "lipa kwanza ndipo tukupe ufadhili" ni mwizi.

Walio wengi hunyimwa mara ya kwanza, maana nafasi ni chache. Aliyenyimwa na aombe maelezo kwa msimamizi aliyemkubali, kisha alirudie andiko lake. Na katika miezi ile ya kungoja, kwa idhini ya wazee, alifungue lile kasha la babu, apige picha kila ukurasa, na aandike ni karatasi ya nani, ya mwaka gani, na ilifikaje nyumbani. Orodha hiyo itaingia katika andiko la mwaka ujao.