Waulizeni Wachoma Makaa

Tulipotangaza kwamba toleo hili litaihusu ndege iliyoanguka Ndola, katika Zambia ya leo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, barua zilizofika hapa Bunia zilikuwa za namna mbili, na zote zimenikera. Wa kwanza wanasema rubani alishuka chini mno, tume ya Rhodesia ilishaamua mwaka 1962, tuache kuchimba makaburi. Wa pili wanasema Wazungu walimwua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekuwamo, kwa ajili ya shaba ya Katanga, na anayedai ushahidi amehongwa. Wote wamemaliza kabla ya kuanza.

Mimi nina neno moja, na nitalirefusha kwa kuwa ukurasa huu ni wangu: mashahidi.

Katika msitu wa Ndola usiku ule walikuwapo wachoma makaa. Mchoma makaa halali ovyo. Tanuri likipasuka, kazi yote ni majivu. Kadhaa wao walieleza kwamba waliona ndege zaidi ya moja, au moto angani kabla ile kubwa haijaanguka. Tume ya Rhodesia iliyaweka maneno yao kando, tena wengine wakashukiwa kwamba wanasukumwa na siasa dhidi ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Tume yenyewe, bila shaka, haikuwa na siasa yoyote!

Sajenti Harold Julien ndiye pekee aliyekutwa hai kati ya watu 16. Aliishi siku sita, akataja mlipuko na cheche angani. Ikasemwa anaweweseka. Mark Lowenthal, daktari kijana aliyekuwa miongoni mwa waliomhudumia, alishuhudia miaka mingi baadaye kwamba mgonjwa alikuwa na akili zake. Na rubani alikuwa ameshaarifu kwamba anaziona taa za Ndola. Ndege isipotua, Lord Alport, balozi wa Uingereza aliyekuwa pale uwanjani, akaona kwamba lazima Hammarskjöld ameamua kwenda kwingine. Kwingine wapi, usiku wa manane? Mabaki yalitangazwa kupatikana mchana, saa 15 baadaye, yapata kilomita 15 tu kutoka uwanjani.

Göran Björkdahl wa Sweden aliwatafuta mashahidi waliokuwa bado hai, na Susan Williams akaifufua kesi kwa kitabu chake cha 2011. Lakini aliyeupa ushahidi huo uzito wa kisheria ni mtu wa ukanda wetu, Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania. Ripoti aliyouandikia Umoja wa Mataifa mwaka 2017 ilisema kuna mashiko katika hoja kwamba ndege ilishambuliwa au ilitishwa kutoka nje. Hakusema imethibitishwa. Ndugu zangu wa kundi la pili, someni sentensi hiyo tena. Alichodai ni nyaraka, na mwaka 2019 alizitaja Uingereza, Marekani na Afrika Kusini miongoni mwa wanaozikalia.

Nimekataa makala iliyoisifu filamu ya Mads Brügger ya 2019, na sijuti. Filamu ile ilianzia Ndola ikaishia kwenye madai ya chanjo za kusambaza UKIMWI, madai ambayo wataalamu waliyakataa. Sisi wa Ituri tuliopitia Ebola ya 2018 hadi 2020 tunajua uvumi wa chanjo umetugharimu makaburi mangapi.

Makala ya toleo hili kuhusu Fouga Magister, ndege ya kivita ya Katanga, ni ya wapenda injini. Ile ya mamba wa Bandundu msiicheke: tarehe 25 Agosti 2010 ndege ilianguka huko, wakafa watu 20. Aliyenusurika alisimulia kwamba mamba alitoka kwenye begi, abiria wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza mizani. Magazeti ya dunia yakamshangilia mamba; wachache waliuliza ni nani aliyekagua mizigo.

Barabara zetu zikizibwa na bunduki, Bunia hutoka kwa ndege. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka ripoti ya mwisho ya ajali itolewe hadharani, ikiwezekana ndani ya miezi 12. Jiulizeni mmewahi kusoma ripoti ngapi za ndege zilizoanguka nchini mwetu.

Kwa toleo lijalo, aliyeshuhudia ndege ikianguka Ituri atuandikie: saa, mahali, alichokiona kwa macho yake. Alichosikia kwa jirani akiandike kwenye karatasi nyingine.